Polishi na Waksi: Gari Lako Lahitaji Mara Ngapi?

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kutofautisha kazi ya polishi na kazi ya waksi katika rangi ya chombo cha moto;
(b) kupima mwenyewe, bila kifaa cha gharama, iwapo chombo chake kinahitaji huduma hizo;
(c) kupanga ratiba ya mwaka inayolingana na hali ya hewa ya Nachingwea na Ruangwa;
(d) kuuliza maswali sahihi kabla ya kulipa, na kudai haki yake pale anapopotoshwa.

Utangulizi

Yeyote anayemiliki gari au pikipiki katika kata ya Nambambo wilayani Nachingwea, au kwa majirani zetu wa Ruangwa, anajua kwamba rangi ya chombo chake ina majira mawili. Wakati wa kiangazi, takribani Juni hadi Novemba, gari jeupe huwa jekundu kabla halijamaliza safari. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, vumbi lile lile hugeuka tope linaloganda milangoni na chini ya bampa. Katikati ya majira hayo kuna jua kali, umande, vinyesi vya ndege na utomvu wa miembe na mikorosho ambayo chini yake tunaegesha ili kupata kivuli.

Katika mazingira hayo si ajabu mwenye gari kushawishika kila anapoambiwa, "Mzee, hili tukilipiga polishi litarudi jipya." Hulipa, gari hung'aa, naye hurudi mwezi unaofuata. Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: mng'ao huo umetoka wapi? Somo hili linajibu swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama fedha ya mlaji inalinda mali yake au inaimaliza.

Neno moja, kazi mbili

Chanzo kikubwa cha hasara katika huduma hii ni neno lenyewe. Tangu utotoni tumelijua neno polishi kwa viatu na kwa sakafu. Kiwi ya viatu ni nta iliyochanganywa na rangi, na polishi ya sakafu vilevile ni nta. Unapozipaka, unaongeza kitu: ngozi ya kiatu hupata tabaka, sakafu hupata tabaka. Kwa hiyo mlaji anayesikia kwamba gari lake litapigwa polishi huamini kwamba litaongezewa kitu, na kwamba kadiri linavyopigwa mara nyingi ndivyo linavyolindwa zaidi.

Kwa gari, mambo ni kinyume. Polishi ya gari ina chembe ndogo mno zenye kukwangua. Kazi yake ni ile ile ya msasa wa fundi seremala, ila kwa ulaini mkubwa zaidi. Husawazisha uso wa rangi kwa kuondoa sehemu ya juu iliyochakaa na yenye mikwaruzo midogo. Uso ukishakuwa sawa, mwanga hurudi kwa mstari ulionyooka, na jicho huona mng'ao. Mng'ao huo umepatikana kwa kupunguza rangi.

Waksi ndiyo inayoongeza. Hii ni nta, ya asili au ya viwandani, inayopakwa juu ya rangi ili kuwa ngao kati yake na jua, maji na uchafu. Haiondoi mkwaruzo wala hairudishi rangi iliyopauka. Kazi yake ni kulinda kile kilichopo.

Tukumbuke basi kanuni ya kwanza: polishi hupunguza, waksi huongeza. Ndiyo maana haiwezekani vitu hivi viwili kuwa na ratiba moja.

Unene wa rangi ya gari

Magari mengi ya miongo ya karibuni hutoka kiwandani yakiwa na tabaka kadhaa juu ya bati. Chini kabisa kuna tabaka za kuzuia kutu na praima, juu yake kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi wetu huliita klia. Klia ndiyo inayoleta mng'ao, na ndiyo yenye viambato vinavyozuia miale ya jua isiharibu rangi iliyo chini yake.

Tabaka hizo zote kwa pamoja aghalabu zina unene wa mikroni 100 hadi 150. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takribani mikroni 100. Maana yake ni kwamba kila kinacholikinga bati la gari lako na kutu ni chembamba kama karatasi moja au moja na nusu. Klia peke yake, kwa kawaida mikroni 35 hadi 50, haifikii hata unene wa karatasi nzima.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tuchukue mwenye Noah anayebeba abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa. Tuseme klia ya gari lake ina mikroni 40. Kila mwisho wa mwezi hulipeleka kupigwa polishi kali kwa mashine, na tuseme kila mara mashine inakwangua mikroni 3. Baada ya miezi 12 zitakuwa zimekwenda mikroni 36. Zitabaki 4. Gari litang'aa vizuri mno hadi mwezi wa mwisho, na hapo ndipo hatari ilipo, maana jicho halioni unene. Kisha jua la kiangazi kimoja litatosha: juu ya boneti na paa yatatokea mabaka meupe, klia itabambuka kama ngozi iliyoungua, na rangi ya chini itapauka.

Ikifika hapo hakuna polishi wala waksi duniani itakayoirudisha. Tiba yake ni moja tu, kupiga rangi upya, na gharama yake kila mwenye gari anaijua. Tukichukulia kwa mfano kwamba kila polishi ilimgharimu shilingi 25,000, ndugu yetu huyu atakuwa amelipa shilingi 300,000 kwa mwaka mmoja ili kuondoa kile alichodhani anakilinda.

Je, waksi hudumu muda gani?

Waksi nayo haidumu milele. Huisha kwa joto, kwa sabuni, kwa mvua na kwa kusuguliwa na vumbi. Nta bora ya asili itumikayo kwa magari ni ya karnauba, inayotokana na majani ya mnazi-pori unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Sifa yake kubwa ni ugumu: huyeyuka katika joto la takribani nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki, ambayo baadhi ya watu hudhani inafaa kwa kuwa inapatikana kwetu kwa urahisi, huyeyuka karibu nyuzi 62 hadi 64. Bati la gari jeusi lililoachwa juani adhuhuhuri linaweza kupita nyuzi 70. Hivyo nta ya nyuki peke yake italainika na kukusanya vumbi, na mshumaa ulioyeyushwa hautakuwa na heri zaidi.

Katika mazingira ya kawaida, waksi ya karnauba hudumu takribani miezi miwili hadi mitatu. Waksi za viwandani zilizotengenezwa kwa kemikali hudumu zaidi, baadhi hadi miezi 6. Gari linaloanikwa juani mchana kutwa na kuoshwa kila siku litapoteza waksi mapema kuliko gari linalolala bandani na kuoshwa mara moja kwa wiki. Kwa hiyo namba ya miezi iliyoandikwa kwenye kopo ichukuliwe kama makadirio. Jibu la hakika hutolewa na gari lenyewe, kwa vipimo vifuatavyo.

Vipimo vinne vya nyumbani

Kwanza, kipimo cha maji. Osha gari, kisha mwagia maji safi juu ya boneti. Yakijikusanya kuwa matone ya mviringo na kuteleza, kama yafanyavyo juu ya jani la magimbi, waksi bado ipo. Yakitandaa na kulala bapa, waksi imekwisha na ni wakati wa kupaka nyingine. Kipimo hiki ni cha waksi tu. Hakisemi lolote kuhusu haja ya polishi.

Pili, kipimo cha macho. Baada ya kuosha na kukausha, simama ubavuni mwa gari asubuhi au jioni jua likiwa chini, au tumia tochi ya simu. Ukiona mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui, na rangi imefifia, hapo polishi laini inaweza kusaidia. Ukiona rangi imetulia, usipige polishi, hata kama mwaka umetimia.

Tatu, kipimo cha ukucha. Pitisha ukucha taratibu kukatisha mkwaruzo. Ukucha ukipita bila kunasa, mkwaruzo uko juu na polishi itaupunguza. Ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani. Kuufuata kwa polishi ni kukwangua klia yote inayouzunguka. Mkwaruzo wa namna hiyo hutibiwa kwa kugusiwa rangi mahali pake tu.

Nne, kipimo cha kitambaa cheupe. Chukua polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana sana, kisha tazama kitambaa. Kikibaki bila rangi ya gari, unagusa klia. Kikichukua rangi ya gari, basi gari halina klia, kama yalivyo magari mengi ya zamani na yale yaliyopigwa rangi ya tabaka moja. Au klia imekwisha. Kwa vyovyote vile acha kusugua, maana kila unachokiondoa sasa ni rangi yenyewe.

Ratiba ya mwaka kwa Nachingwea na Ruangwa

Kwa kuzingatia majira yetu, tunapendekeza ratiba ifuatayo kwa gari linalotumika kila siku na kuegeshwa nje.

Mei, mvua zikiisha. Huu ndio wakati wa ukaguzi mkubwa. Ondoa tope lote, likiwamo lile lililojificha kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango, kwa kuwa tope hutunza unyevu na unyevu huzaa kutu. Fanya vipimo vinne. Iwapo kipimo cha pili na cha tatu vimeonyesha haja, piga polishi laini mara moja, kisha paka waksi siku hiyo hiyo. Iwapo havikuonyesha haja, paka waksi tu.

Agosti, katikati ya kiangazi. Paka waksi tu. Jua na vumbi vimeshaimaliza ile ya Mei.

Mwishoni mwa Oktoba au Novemba, katika msimu wa korosho na kabla ya mvua. Paka waksi tu. Wakati huu mabibo hudondoka juu ya magari yaliyoegeshwa chini ya mikorosho, na maji yake huacha madoa magumu kutoka. Wanaosafirisha korosho ghafi wawe waangalifu zaidi: mafuta ya ganda la korosho, ambayo kila mbanguaji anajua yanavyounguza ngozi, yasiachwe yakakauke juu ya rangi. Osha siku hiyo hiyo.

Februari, katikati ya masika. Paka waksi tu, siku ambayo hakuna dalili ya mvua.

Hivyo basi, jibu fupi la swali lililobeba jina la somo hili ni hili: waksi mara 4 kwa mwaka, polishi isizidi mara 1 kwa mwaka, na mwaka ambao vipimo havikuonyesha haja, isipigwe kabisa. Kwa gari linalolala bandani na kutembea kidogo, waksi mara 2 zatosha, yaani Mei na Novemba.

Pikipiki nazo zina rangi. Mwendesha bodaboda apake waksi kwenye tangi la mafuta na matapu ya bati kwa ratiba hiyo hiyo ya mara 4. Asipake waksi wala polishi kwenye kiti, mahali pa kukanyagia, matairi wala diski za breki, maana utelezi wake unaweza kugharimu maisha.

Kuosha ndiko kunakoamua

Mikwaruzo mingi ambayo polishi huitwa kuiondoa haikutokana na safari. Ilitokana na kupangusa. Wengi wetu tuna desturi ya kupangusa vumbi asubuhi kwa kitambaa kikavu ili gari litoke safi. Vumbi letu lina chembe za mchanga wa kwatzi, madini magumu kuliko klia na hata kuliko bati. Historia inatupa ushahidi wa ugumu wa udongo wa namna hiyo. Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo matatu ya Mpango wa Karanga wa serikali ya kikoloni ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, mengine yakiwa Kongwa na Urambo. Huko Kongwa udongo wenye kwatzi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowashinda wenye mpango, kwa kuwa ulikuwa ukilika vyuma vya zana zao za kilimo. Udongo unaokula jembe la trekta hautashindwa na rangi yenye unene wa karatasi.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

Usipangusie vumbi kavu. Mwagia maji kwanza kuanzia juu ya paa kushuka chini, ili mchanga uondoke wenyewe.

Tumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Ndoo moja hurudisha mchanga ule ule kwenye gari.

Tumia sabuni ya magari. Sabuni ya unga ya kufulia imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, nayo huondoa waksi vilevile. Gari lililopakwa waksi jana likaoshwa kwa sabuni ya unga leo limepoteza fedha ya jana.

Usikubali gari lipakwe dizeli, mafuta ya taa wala oili chafu ili lionekane liking'aa. Mafuta hayo hulainisha waksi na kuiondoa, huharibu mipira ya milango na kuvuta vumbi jipya. Mng'ao wake hauvuki siku moja.

Vinyesi vya ndege, utomvu na maji ya mabibo viondolewe mapema kwa maji na kitambaa kilicholowana, bila kukwangua.

Polishi na waksi zipakwe kivulini, bati likiwa limepoa, asubuhi na mapema au jioni. Juu ya bati lenye joto dawa hukauka kabla haijasambaa na kuacha alama. Paka kidogo, sehemu kwa sehemu, kwa kitambaa laini cha pamba au sponji. Waksi ikikauka, futa kwa kitambaa kingine safi.

Magari yanayohitaji tahadhari ya pekee

Gari lililopigwa rangi na fundi karibuni. Rangi ya kiwandani huokwa kwa joto kubwa. Rangi ya gereji, hasa iliyopigwa chini ya mti au kwenye banda la wazi, huendelea kutoa mvuke wa kemikali kwa wiki kadhaa. Ukipaka waksi mapema unaufungia mvuke huo ndani, na rangi hubaki laini. Subiri siku 30 hadi 90 kwa kadiri fundi atakavyoelekeza kulingana na aina ya rangi. Wakati huo osha kwa maji safi tu.

Gari lenye rangi isiyong'aa kwa makusudi. Lisipigwe polishi kamwe, maana kilichoondolewa hakirudi.

Gari lililotumika, lililoagizwa nje au kununuliwa hapa nchini. Mng'ao mkubwa siku ya kununua hauthibitishi uzima wa rangi. Unaweza kuwa ni polishi ya jana iliyoficha klia iliyokwisha. Lioshe, lipeleke juani, na ulifanyie kipimo cha macho na cha kitambaa, muuzaji akikuruhusu, kabla ya kukubaliana bei.

Gari linalotarajiwa kupigwa rangi. Baadhi ya dawa za kung'arisha zina silikoni. Mabaki yake huifanya rangi mpya itoboke vitundu vidogo ambavyo mafundi hulinganisha na macho ya samaki. Mweleze fundi rangi mapema ni dawa gani umekuwa ukitumia.

Maswali matano kabla ya kulipa

Mlaji anayepewa huduma ya kung'arisha gari, popote pale, aulize:

1. Unachonipakia ni polishi au ni waksi? Nioneshe kopo.
2. Kama ni polishi, ni laini au kali, na kwa nini gari langu linaihitaji leo?
3. Baada ya polishi utapaka waksi, na bei uliyonitajia inajumuisha zote mbili?
4. Waksi hii yatarajiwa kudumu muda gani, na niioshe kwa sabuni gani?
5. Nitapata risiti?

Mtoa huduma mwaminifu hatachukizwa na maswali haya. Wengi wa vijana wanaoosha magari wanafanya kazi kwa bidii na hawajapata kuelezwa tofauti ya dawa hizo. Swali la mteja huwa somo kwao pia. Mwenye kukasirika au kuficha kopo amekwisha kukupa jibu.

Unaponunua kopo lako mwenyewe, soma lebo. Tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, ujazo, maelekezo ya matumizi, tahadhari na tarehe ya mwisho wa matumizi. Jihadhari na chupa zisizo na lebo, zilizojazwa upya, au zenye jina maarufu lililoandikwa kwa makosa. Neno la kukwangua au la kuondoa mikwaruzo kwenye lebo lakuambia kwamba hiyo ni polishi, hata kama mbele pameandikwa waksi. Zipo dawa zinazochanganya zote mbili; zihesabu kuwa ni polishi katika ratiba yako.

Haki yako inapovunjwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji au kumpa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma. Kumwambia mteja kwamba polishi ya kila mwezi inaongeza rangi, huku ikiipunguza, ni maelezo ya namna hiyo. Kuuza dawa bandia chini ya nembo ya mtu mwingine kunakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Ukipata hasara, fuata hatua hizi. Acha kulitumia kopo lenye shaka, lakini usilitupe. Piga picha za gari na za kopo. Tunza risiti. Rudi kwanza kwa aliyekuuzia au aliyekuhudumia, ueleze kwa utulivu unachodai: kurudishiwa fedha, kubadilishiwa bidhaa au kurekebishiwa kazi. Msipoelewana, peleka malalamiko kwa maandishi. Masuala ya upotoshaji na bidhaa bandia yapelekwe Tume ya Ushindani. Ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. Ujazo pungufu, Wakala wa Vipimo. Kwa mkazi wa Nambambo au Ruangwa, afisa biashara wa halmashauri ya wilaya anaweza kuwa mlango wa kwanza ulio karibu. Bila risiti, kopo wala picha, malalamiko ya kweli hugeuka maneno matupu, nasi hukosa pa kuanzia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kiwi ya viatu na polishi ya gari hazifanyi kazi moja ingawa zote huitwa polishi?
2. Maji yametandaa bapa juu ya boneti yako mwezi Agosti. Utafanya nini, na hutafanya nini?
3. Ukucha umenasa kwenye mkwaruzo wa mlango. Je, utakubali mlango wote upigwe polishi kali? Toa sababu.
4. Gari lako limetoka kwa fundi rangi wiki iliyopita, na kijana anakupa ofa ya waksi kwa nusu bei. Utamjibu nini?
5. Fanya hesabu ya fedha ulizolipa kung'arisha chombo chako kwa miezi 12 iliyopita. Ngapi zilikuwa za kuongeza ulinzi, na ngapi zilikuwa za kupunguza rangi?

Hitimisho

Gari au pikipiki kwa familia nyingi ni mali kubwa ya pili baada ya nyumba, na kwa wengine ndiyo ya kwanza, tena ndiyo inayolipa ada za watoto. Rangi yake ni ngozi yake. Swali la tano hapo juu lijibiwe kwa kalamu na karatasi, na mwenza wako akiwapo. Kisha, kabla ya kulipeleka tena gari kung'arishwa, chota kikombe cha maji, mwagia juu ya boneti, na utazame yanavyokaa.